Nimewapeleka Naivasha, bado wanaondoka

Kwa mshauri wetu wa mambo ya kazi,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa mjini. Nilianza na oveni moja nikiuza maandazi na skonzi kwa maduka ya Bondeni na Langa Langa. Leo nina wafanyakazi 23, wa mchana na wa usiku, pamoja na magari mawili yanayopeleka mikate Njoro, Molo, Bahati hadi Gilgil. Mume wangu ni mwalimu, kwa hivyo shughuli yote ya kiwanda iko mikononi mwangu.

Najitahidi kuwa mwajiri mwema. Nawaambia kila mara kwamba sisi ni familia. Desemba niliwakodia basi tukaenda Naivasha, tukazunguka mbuga ya Hell's Gate, tukala nyama mpaka jioni, kila mtu akiwa na fulana mpya yenye jina la kiwanda. Kila Jumamosi mtu huenda kwake na mikate miwili ya bure. Lakini tangu Januari watu sita wameniacha. Wa mwisho ni kijana wa oveni, fundi hasa, niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu. Amehamia kwa mwokaji mwingine hapa hapa Nakuru, na nasikia mshahara ni ule ule. Hilo ndilo linaloniuma. Angefuata pesa ningeelewa.

Baada ya yeye kuondoka nilimwita fundi wa mitambo akague oveni. Akaniambia themostati, yaani kidhibiti cha joto, imeharibika, na kwa jinsi ilivyo, si jambo la jana wala juzi. Upande wa nyuma unaunguza. Nikawaita watu wa zamu ya usiku, kumbe wote walijua! Walikuwa wanaacha trei za nyuma tupu, mikate ikipungua wanasema unga ni mbaya. Mimi nikabadilisha hata anayeniuzia unga, na mtu huyo hakuwa na kosa. Nikawauliza, mbona hamkuniambia? Wakainamisha vichwa.

Ili unielewe vizuri: tuna utaratibu kwamba mikate ikiungua, waliokuwa zamu hiyo wanagawana hasara na inakatwa mwisho wa mwezi. Bila hivyo nani atakuwa makini, na unga ulivyo ghali? Supavaisa wa usiku ni mtu mkali lakini mwaminifu, hajawahi kuniibia hata shilingi. Wanalalamika kwamba anawatukana. Nilimwomba apunguze.

Kuna mambo mengine. Mwezi Machi mama mmoja wa kufunga mikate alifiwa na mama mkwe huko Busia. Nilimpa siku mbili, akakaa sita, nikamkata nne. Tangu arudi anafanya kazi yake vizuri lakini hasemi na mtu. Mwingine kazi yake ni kumimina unga kwenye mashine ya kukanda. Anakohoa sana, na haipiti wiki bila kuomba ruhusa.

Rafiki yangu mwenye hoteli Kisumu ananishauri nifunge kamera kila pembe na nianzishe tuzo ya mfanyakazi bora wa mwezi. Kabla sijatoa pesa, nisaidie. Nifanye nini ili watu watake kubaki, na waniambie ukweli?

Mama Mikate, Nakuru

JIBU

Mama Mikate, asante kwa kuandika bila kujipamba. Wenye viwanda wengi wangeniletea habari ya Naivasha na kuacha ile ya makato. Wewe umeleta zote mbili, na ndiyo maana naweza kukujibu.

Nianze na oveni, maana humo ndimo lilimo jibu la mengine yote. Jiweke mahali pa mtu wa zamu ya usiku. Ni saa nane, trei za nyuma zimetoka nyeusi. Akisema "oveni ina kasoro," amekiri papo hapo kwamba mikate imeungua. Supavaisa ataandika. Mwisho wa mwezi atakatwa yeye na wenzake wote wa zamu, na wenzake watajua ni mdomo wa nani uliowaponza. Akinyamaza na kuiacha nafasi ya nyuma tupu, hakuna anayekatwa. Wewe ungechagua lipi? Watu wako si waongo, Mama. Wanatunza unga wa watoto wao. Utaratibu wako ndio uliowaelekeza kuficha, na wameufuata kwa uangalifu kuliko utaratibu mwingine wowote ulioweka.

Sasa hesabu ulicholipa kwa umakini huo ulioutafuta: mikate iliyopungua usiku baada ya usiku, msambazaji wa unga uliyemfukuza bure, na fundi bora uliyekuwa naye. Sidhani kama makato ya mwaka mzima yanafika robo ya hasara hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kilichofichwa kilikuwa chako.

Tena kuna upande wa sheria, na ni afadhali uusikie kwangu kuliko kuusikia leba, yaani ofisi ya kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea iwapo mfanyakazi alikosea kwa makusudi. Mkate ulioungua kwa sababu themostati imekufa hauna makusudi ya mtu ndani yake, na kuwagawia hasara hiyo watu wote wa zamu ni kumkata hata aliyekuwa stoo akihesabu magunia. Anayeuza mikate akizunguka na gari lako ni suala jingine. Ikiwa mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa pesa azipokee na kuzitunza, upungufu uliotokana na uzembe au udanganyifu wake unaweza kukatwa. Usiyachanganye hayo mawili. Na makato yote kwa jumla, ya aina yoyote ile, hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara.

Najua swali lako: nikiondoa makato, nani atajali? Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Amy Edmondson, aliyewahi kuchunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali huko Marekani. Alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri zingeonyesha makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: wodi hizo ndizo zilizoonekana na makosa mengi zaidi. Alipofuatilia, akaona kwamba hazikuwa lazima zinakosea kuliko nyingine. Wauguzi wa humo hawakuogopa kuyataja makosa, ndiyo maana yalionekana na kurekebishwa. Kwenye wodi za woga makosa yalikaa kimya, na mgonjwa hajui. Wewe ulikuwa na kiwanda kilichoonekana hakina kasoro ya oveni kabisa.

Kwa hivyo uondoe utaratibu huo wote, usiupunguze. Mahali pake weka daftari la zamu, la kawaida tu la dukani. Humo yaandikwe saa, ni trei zipi, joto lilisomaje, nini kilitokea, na walijaribu nini. Majina ya watu yasiandikwe. Ubandike ukutani nambari ya fundi wa mitambo, na watu wa usiku wawe na ruhusa ya kumpigia wenyewe na kuizima oveni bila kungoja kibali cha mtu. Katika viwanda vya magari vya Toyota mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba, kiongozi wake anakuja mara moja, na ikishindikana kutatuliwa kwa haraka kazi inasimama. Kampuni kubwa kiasi hicho imemwamini mtu wa mstari wa kazi kusimamisha mamilioni. Zamu yako ya usiku inaweza kuaminiwa na oveni moja.

Siku ya kwanza mtu atakapoandika kosa la kweli kwenye daftari hilo, Mama, kiwanda kizima kitakuwa kinakutazama uso. Ukikunja kipaji, umerudi ulikotoka. Ukimshukuru mbele ya wenzake na fundi akaitwa siku hiyo hiyo, watu 23 watakuwa wamesikia sheria mpya bila wewe kuitangaza.

Na mtu akiharibu kwa makusudi kweli? Mwite, umweleze kosa kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake anayemtaka hapo ndani, asikilizwe kabla hujaamua. Sheria inadai hivyo kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi duni, lakini hata kwa onyo dogo ni desturi nzuri.

Tuje kwa supavaisa wako. Unasema hajawahi kuiba. Namheshimu kwa hilo, lakini hukumpa pesa tu azilinde, ulimpa watu. Mtu anayetukanwa saa tisa usiku na hana pa kukimbilia hamwoni supavaisa. Anakuona wewe, uliyelala nyumbani ukiwa umemwachia huyo mtu fimbo. "Nilimwomba apunguze" haitoshi, maana matusi hayapunguzwi kama chumvi. Mwambie yanakoma, mwandikie, na umweleze kitakachofuata yakiendelea.

Ila kabla hujamketisha, jiulize jambo moja. Asubuhi ukifika, neno lako la kwanza kwake ni lipi? Katika miaka yangu kwenye ofisi za wafanyakazi, Kisumu na hapo Nakuru, nimekutana na wasimamizi wengi wakali, na si wachache kati yao walikuwa wanapitisha chini woga walioshushiwa kutoka juu. Ikiwa swali lako la kila alfajiri ni "imeungua mingapi?", huyo bwana anaishi usiku kucha akilijibu swali hilo kwa midomo ya wengine. Badilisha. Muulize oveni ilikuwaje, nani amechoka, nini kinahitajika kabla ya usiku wa leo. Mpe nafasi ya kuwa msimamizi wa namna nyingine. Asipobadilika, mtoe kwenye usimamizi hata kama funguo zote za stoo ziko salama mikononi mwake.

Sasa lile la Busia. Hili limenigusa kuliko yote, kwa sababu umewaita watu wako familia, na familia kwetu hupimwa kwenye matanga. Wewe unakaa Bonde la Ufa lakini unajua mambo ya magharibi. Mama mkwe akifa, mke wa mwana wao haji asubuhi na kuondoka jioni kama mgeni. Ndiye anayepika, ndiye anayepokea wageni, na mara nyingi mazishi yanangojewa Ijumaa au Jumamosi ili watu wa mbali wafike. Siku mbili zisingemtosha hata kusafiri, kuzika na kurudi. Angeondoka kaburini mapema, angesemwa katika boma hilo mpaka naye azikwe. Alichagua lawama yako badala ya ile, nami nisingemshauri vingine.

Sheria ya Ajira haikuweka siku maalum za matanga zenye malipo, kwa hivyo hapa sheria haikubani. Lakini inampa kila mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa mwaka, na siku zile nne zingeweza kutoka humo kwa makubaliano. Nakushauri uweke siku za matanga za kiwanda chako, zenye malipo, hata zikiwa tano tu kwa jamaa wa karibu, na wakwe wamo. Anayehitaji zaidi achukue kwenye likizo yake. Na kiwanda kitume mtu na rambirambi. Ninaamini kabisa kwamba mwenzake mmoja kukaa kwenye kiti cha plastiki pale Busia, akijulikana kama mtu wa kazini kwake, kungefanya kazi ambayo Hell's Gate haikuifanya. Huyo mama umwite faraghani, umpe pole ambayo hukumpa Machi, na umrudishie siku zake nne.

Mwenye kikohozi usimchukulie kama mtu wa visingizio. Vumbi la unga wa ngano linaweza kuleta pumu ya kazini. Ni ugonjwa wa waokaji unaojulikana tangu zamani. Muulize kama nafuu huja akiwa ofu na kikohozi kurudi akiingia kazini. Akisema ndiyo, mpeleke kwa daktari wiki hii na umwambie daktari kazi anayofanya. Wakati huo mwondoe kwenye kumimina magunia, kwa mshahara ule ule. Barakoa peke yake haitoshi. Unga umiminwe polepole na chini chini, mashine ifunikwe na ianze kwa mwendo wa taratibu, na sakafu isifagiliwe kavu, ipanguswe kwa maji. Akipewa mapumziko na daktari, na ametumikia miezi miwili au zaidi, ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Ugonjwa ukithibitishwa kuwa wa kazi, kuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, inayokutaka uwe na bima. Hakikisha unayo. Hata SHA ya bima ya afya na NSSF ya akiba ya uzeeni unazowakata, hakikisha zinafika zinakotakiwa kila mwezi. Mtu hujua mwajiri wake hakupeleka akiwa kwenye dirisha la hospitali na mtoto mgongoni.

Kamera acha. Weka moja penye pesa na moja langoni ukitaka, lakini ya jikoni ingekuonyesha trei tupu na usijue kwa nini ziko tupu. Tuzo ya mwezi pia siipendi kwa kazi ya mikate. Mkate mmoja umepitia kwa aliyekanda, aliyechoma, aliyefunga na dereva. Ukimpa mmoja picha ukutani, umewaambia waliobaki kwamba hukuwaona, na mwezi wa tatu watu wanaanza kunong'ona ni zamu ya mpendwa gani.

Pesa hizo zina kazi. Themostati kwanza. Halafu viti: wanaofunga mikate wanasimama zamu nzima, na sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka wanaofanya kazi wamesimama wawekewe pa kuketi wapatapo nafasi. Maji safi ya kunywa karibu na oveni. Wanaotoka usiku, hasa akina mama wanaokwenda Rhonda, Kaptembwo au Free Area, wapelekwe na gari la kiwanda au walipiwe boda ya mtu anayejulikana. Kama kuna anayenyonyesha, Sheria ya Afya ya 2017 inampa haki ya mahali pa faragha na muda wake. Ratiba ya zamu itoke mapema, ili mtu aliye na mtoto mgonjwa asisikie Jumapili usiku kwamba kesho amehamishiwa usiku. Na mshahara uwe na tarehe. Hukunieleza habari ya tarehe, lakini kama huwa inasogea, hilo nalo lisogeze juu kabisa.

Wakitaka kuchagua mwakilishi wao, au kujiunga na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya mikate na vyakula, usiwazuie wala usinune. Kifungu cha 41 cha Katiba kinawapa haki hiyo, na mtu aliyetumwa na wenzake husema mambo ambayo mmoja mmoja hawathubutu.

Naivasha usiiache, watu walifurahi. Waulize tu mwaka huu wangependa nini kabla ya kukodi basi.

Pa kuanzia ni hapa. Ita kikao wakati wa kupokezana zamu, ili wa usiku wasikatiwe usingizi. Waambie makato ya mikate yamekwisha. Waambie pia kwamba oveni ilikuwa mbovu, na kwa hivyo kila senti iliyokatwa kwa mikate iliyoungua tangu ilipoharibika unairudisha. Kadiria mwezi pamoja na fundi wa mitambo, na ukikosa uhakika, uongeze mwezi mmoja kwa upande wao. Itoe kabla ya mshahara ujao, ikiandikwa mstari wake kwenye hati ya mshahara ya kila mmoja. Baada ya hapo waulize nini kingine kimeharibika ambacho hukijui, uketi usikilize, na usijitetee hata wakisema jambo usilolipenda. Pengine siku hiyo hakuna atakayefungua mdomo. Rudia swali hilo kila wiki.

Kisha toa hesabu ya wale sita walioondoka. Kama nao walikatwa katika miezi hiyo, pesa ni zao bado. Watumie kwa M-Pesa, umpigie kila mmoja umweleze ni za nini. Yule kijana wa oveni mpigie wa kwanza. Usimwombe arudi. Mwambie oveni ilikuwa mbovu na sasa unajua, halafu umuulize ni nini kingine alichokiona usiku akakosa wa kumwambia.